Magugu ya Kiwanja cha Dereva

Shangazi yangu alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba kisicho na dirisha. Kilikuwa chini ya ngazi za hospitali kubwa, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Ndani mlikuwa na meza, kiti cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka zamani, na mtambo wa simu wenye taa ndogo nyekundu. Kila aliyepiga simu hospitalini alipitia kwanza sikioni mwake. Alimsikiliza, akamwambia, "Subiri, nakuunganisha," akabonyeza kitufe, na mtu yule akapotelea wodini au maabara. Neno hilo alilisema mara nyingi mno hata watu wa pale wakasahau jina lake, wakawa wanamwita Bi Subiri. Siku barua yake ya kustaafu ilipoandikwa, karani alianza na jina hilo la utani, akalazimika kulifuta kwa wino mweupe.

Sisi nyumbani tulimjua kama mtu anayeishi nusu hapa, nusu pengine. Ukimwambia jambo alinyamaza kidogo, kichwa kimeinamia kushoto, kama vile bado amevaa vile vipokea sauti vya kazini. Mama yangu, ambaye ni wifi yake, alizoea kusema kwamba kuongea na Shangazi ni sawa na kupiga simu ya mbali: maneno yako yanasafiri kwanza, yanafika, ndipo ujibiwe.

Muda wote huo alikuwa na bustani kichwani. Ukutani mwa chumba kile, mbele ya macho yake, maji ya bomba lililovuja yalikuwa yamechora doa la kijani, na miaka ilivyokwenda doa likatanuka, likaota ukungu kama manyoya. Aliniambia siku moja kwamba simu zilipopungua, mchana baada ya chakula, alikuwa akilitazama mpaka akaona matuta, akaona mtu ameinama anamwagilia. Hakuniambia kama mtu yule alikuwa yeye.

Basi alipostaafu alihamia nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake mdogo, pembezoni mwa mji, mahali ambapo lami inaishia na watu bado wanaulizana njia kwa kuonyeshana miti. Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi cha kutosha matuta sita. Akapanda mchicha, nyanya, bamia, vitunguu, na kwenye kona moja akapanda maua tu, kwa sababu alitaka. Wiki za mwanzo alikuwa akiamka kabla jua halijatoka, anabeba kiti anakiweka katikati ya matuta, anakaa na kikombe chake cha chai akisubiri mwanga umfikie miguuni. Alisema hakuwahi kujua kwamba asubuhi ina hatua nyingi hivyo.

Ubaya ulikuwa upande wa kulia.

Upande huo palikuwa na kiwanja kilichotelekezwa. Mtu aliwahi kuanza kujenga, akafikia msingi, akaacha. Vyumba vilionekana vimegawanywa kwa kuta zinazofika magotini, na ndani yake na nje yake magugu yalikuwa yamejiotea mpaka kimo cha mtu. Majirani walijua jambo moja tu kuhusu mwenyewe, kwamba alikuwa dereva wa malori, na hawakuwa wamemwona kwa miaka kumi na minne. Mpaka kati ya kiwanja chake na bustani ya Shangazi ulikuwa waya mmoja uliolegea, na magugu hayakuutambua.

Yalikuja kwa njia zote. Sangari ilipita chini ya ardhi, mizizi yake myeupe imenyooka kama nyuzi za simu, ikaibukia katikati ya vitunguu. Kishona nguo kilirusha mbegu zake kwa msaada wa paka, mbwa, na gauni la Shangazi mwenyewe, maana kila alipopita karibu na waya alirudi amejaa vijiti vyeusi kuanzia magotini. Mbegu nyingine, nyeupe na nyepesi, zilipaa alasiri upepo ukivuma, zikaelea juu ya matuta taratibu. Mwanzoni Shangazi alikuwa akikaa kwenye kiti chake akizitazama zinavyong'aa kwenye jua. Aliziona nzuri. Baada ya mvua ya kwanza akaona zilichokuja kufanya.

Ila ndago ndiyo iliyomvunja moyo. Aling'oa miche ishirini, baada ya wiki ikarudi arobaini. Akang'oa tena kwa hasira, ikarudi imekaza zaidi. Mama alipokwenda kumtembelea alimkuta ameketi chini katikati ya tuta la nyanya, mikono imejaa udongo. Mama ameuza mboga sokoni maisha yake yote na amelima nyingi ya alizouza, na huruma yake huja na maneno makali. Alimwambia kwamba haling'oi gugu, analinyoa tu. Akachukua jembe la meno, akalichomeka mbali na shina, akalikandamiza kwa mguu na kuinua taratibu, kisha akapapasa udongo kwa vidole mpaka akatoa vijitunguu vidogo vyeusi, vimeungana kama tasbihi iliyokatika.

"Hawa ndio mama zao, wifi," alisema. "Ukivuta majani, hawa wanabaki chini wanakucheka."

Kuanzia siku hiyo Shangazi akawa mwanafunzi. Vijitunguu vya ndago alivianika juu ya kipande cha bati mpaka vikasinyaa, wala hakuvitupa kwenye jaa la mbolea. Kando ya waya alichimba mtaro wa kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, ili mizizi ya sangari ikifika hapo itokeze hewani aione na kuikata. Njia za kati ya matuta alizifunika kwa maboksi aliyoyaomba dukani, akatandaza nyasi kavu juu yake. Na kubwa kuliko yote, alijifunza kwamba gugu hukatwa kabla halijatoa ua. Likishatoa ua umechelewa, na likishamwaga mbegu jiandae kuonana nalo miaka.

Bustani ikapata nafuu, lakini haikupona. Alifyeka na kupalilia upande wake, na kila alasiri kiwanja cha dereva kikatuma wageni wapya. Mama alimshauri avuke waya usiku na mchana afyeke mpaka achoke, kwani nani atamuuliza. Shangazi alikataa. Alisema ardhi ya mtu ni ya mtu, hata kama mwenyewe ameisahau. Halafu akainamisha kichwa kushoto, akasema kwamba mtu yeyote anaweza kupatikana, mradi utafute laini sahihi.

Akaanza kumtafuta. Aliweka meza ndogo karibu na dirisha, daftari, kalamu na simu, akavaa nguo nzuri kana kwamba anakwenda kazini. Kwenye kona ya kiwanja palikuwa na mifuko ya saruji iliyoganda, na kwenye mmoja wao chapa ya duka la vifaa vya ujenzi bado ilisomeka. Akapiga dukani. Mzee wa dukani alimkumbuka fundi mwashi aliyekuwa akichukua saruji ile. Fundi alipatikana kwa binti yake, na yeye akataja kampuni ya malori iliyokwisha kufungwa. Aliyekuwa karani wa kampuni hiyo sasa alikuwa akifuga kuku, na jogoo wake aliwika muda wote wa mazungumzo, lakini alikuwa na namba. Ilimchukua Shangazi siku tatu, na mimi niliyekwenda kumsalimu siku ya pili nilimwona amenyooka mgongo, sauti yake imekuwa laini na ya mbali, anaomba watu wasiomjua wamsaidie, nao wanamsaidia. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna hiyo.

Siku ya tatu aliipiga namba ile. Mwanaume mwenye sauti nzito akaitikia. Shangazi akajieleza kwamba yeye ni jirani wa kiwanja, kwamba hana ugomvi, anaomba ruhusa tu ya kufyeka hatua tatu kando ya mpaka ili mbegu zisimfikie. Yule bwana akakubali mara moja, akataka kumpa namba nyingine ya mke wake endapo atakosekana. Shangazi akasema, "Subiri, nichukue kalamu."

 

"Dada," yule bwana akasema, "rudia hilo neno."

"Neno lipi, kaka?"

"Hilo la kusubiri."

Shangazi akarudia.  Dereva akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi ya simu hospitalini. Akasema ndiyo. Basi akamweleza. Ile nyumba alikuwa anamjengea mama yake. Msingi ulipokamilika mama akaugua, akalazwa, na yeye akiwa safarini na lori, hawezi kurudi kabla hajafikisha mzigo. Kwa siku kumi na moja alipiga simu hospitalini kutoka kwenye vibanda vya barabarani, na kila siku sauti ileile ikamwambia asubiri, ikamuunganisha, na muuguzi akamwambia mama yupo, amekula uji, anamsalimu. Siku ya kumi na mbili aliambiwa asubiri, akasubiri. Hakuna aliyekuja kwenye simu. Alisimama kibandani, lori linanguruma nje, mpaka simu ikakatika yenyewe. Alipofika baada ya siku mbili, mama alikuwa chumba cha maiti.

"Sikulaumu," akasema. "Nataka kuuliza tu. Siku ile ulikuwa unajua?"

Shangazi aliniambia kwamba alitazama nje ya dirisha. Mbegu nyeupe zilikuwa zinapita juu ya matuta, na alitamani sana kusema hapana. Hakumkumbuka mtu huyu. Sauti zilikuwa maelfu, na zilipita ndani yake kama maji kwenye bomba. Lakini alikumbuka jinsi kazi ilivyokuwa.

"Siku yenyewe siikumbuki, kaka, na siwezi kukudanganya," akamjibu. "Lakini kila asubuhi nilikuwa naletewa karatasi ya majina ya waliofariki. Hatukuruhusiwa kusema. Tulitakiwa kumtafuta muuguzi mkuu aje aseme yeye. Kama jina la mama yako lilikuwepo, basi nilijua."

 Dereva akamshukuru. Shangazi akamuuliza anamshukuru kwa lipi, naye akajibu kwamba kwa miaka yote alidhani upande ule wa simu hapakuwa na mtu kabisa, kwamba alisubirishwa na chumba kitupu. Baada ya hapo hakuna aliyekata simu. Ni dereva aliyeuliza kwanza, kwa sauti ya mtu anayejifuta uso, kama magugu yake ni mabaya kiasi hicho.

"Yananila mzima mzima," Shangazi akasema, na dereva akacheka.

Akamruhusu afyeke kiwanja chote, si hatua tatu. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba ndani ya msingi asiguse.

Mama aliposikia sharti hilo alikereka. Walifyeka wiki mbili, wawili hao, magauni yamefungwa mafundo magotini, mafyekeo yakipanda na kushuka, na walipomaliza kiwanja kilikuwa kimenyolewa safi isipokuwa katikati, ambako msingi ulibaki na kichaka chake kama kofia juu ya kipara. Na mbegu zote sasa zilitoka humo. Mama alisema wamefagia uwanja na kumwacha mwenye takataka amekaa kwenye kiti. Shangazi hakubishana naye. Alichukua mkasi wa kushonea, akawa anazunguka nje ya kuta zile fupi kila asubuhi, akiinama na kukata vichwa vya maua vilivyoweza kufikiwa, bila mguu wake kuvuka ndani. Vile vya katikati hakuvifikia. Akavisamehe.

Kila Jumapili dereva akawa anapiga simu. Mwanzoni waliongea mambo ya kiwanja, halafu akaanza kuuliza habari za vyumba. Nini kimeota sebuleni? Shangazi akasimama kwenye ukuta na kumweleza: sebuleni kuna mibarika miwili, mmoja umemshinda mwenzake. Jikoni? Jikoni ni ndago tupu, imejaa kama zulia. Na kile chumba kidogo cha upande jua linakochomoza? Shangazi akaangalia, akaona majani ya kongwa yamefunika sakafu yote, na maua yake madogo ya buluu yamefunguka, yale yanayofunguka asubuhi na kufumba kabla ya mchana. Akamwambia. Dereva akasema hicho ndicho kilikuwa chumba cha mama.

Siku nyingine alimwomba ainue simu juu, asiseme kitu. Nilikuwepo siku hiyo. Shangazi alisimama pembeni ya msingi, mkono umenyooshwa juu, macho amefumba, na upepo ukapita kwenye mibarika na nyasi ndefu, ukafifia, ukaja tena. Alisimama hivyo mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba ambacho hakualikwa. Nikaingia ndani kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu simu ile. Kiwanja kile kina viazi vitamu mpaka mpakani, kwa makubaliano, na majani yake yametandaa ardhi yote hata magugu mengi hayapati jua. Sangari inafika kwenye mtaro na kukatwa. Ndago haijaisha, na Mama anasema haitaisha tukiwa hai, ila imepungua hata Shangazi anaitafuta kwa miwani. Hupalilia nusu saa asubuhi, na muda unaobaki ni wake. Bamia zake zimekuwa nyingi, anawagawia majirani mpaka wanamkimbia.

Ila ninachopenda kukumbuka ni siku dereva alipokuja, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka ule wa kwanza. Hakusema atakuja lini. Tulimwona tu asubuhi amesimama kwenye kiwanja, mtu mkubwa, mgongo umepinda kidogo kwa kukaa miaka nyuma ya usukani, jembe jipya mkononi na bei bado imebandikwa kwenye mpini. Shangazi alitoka na kusimama upande wake wa waya. Nilidhani watashikana mikono au watalia. Dereva akasema, "Wewe ni mfupi kuliko sauti yako," na Shangazi akamjibu kwamba hata yeye alitegemea mtu mwembamba. Basi. Akaenda kumletea chai.

Alivuka ukuta wa msingi mwenyewe. Mama alichukua jembe amsaidie, Shangazi akamshika mkono, akamrudisha bustanini. Dereva hakuanza na jikoni wala sebule. Aliingia kile chumba kidogo na kuanza kung'oa kongwa kwa mikono, tonge kwa tonge, akiitikisa mizizi itoke udongo na kuiweka juu ya ukuta. Maua yalikuwa bado wazi. Alifanya kazi bila haraka, na sisi huku tulipalilia vitunguu tukimtazama kwa kuibia. Hewa ilikuwa tulivu, ina harufu ya majani yaliyokatwa, na sauti pekee ilikuwa ya mizizi inapoachia udongo.

Jua lilipofika utosini chumba kilikuwa kitupu. Sakafu ya udongo mwekundu ilionekana, ina unyevu, imekaa mraba kamili kati ya kuta zake nne. Dereva alisimama katikati akageuka pande zote, kama mtu anayepanga kitanda kikae wapi. Kisha akavua koti, akalikunja, akalala chini kwenye kivuli cha mbarika uliokuwa umeinamia kutoka sebuleni, akaweka kichwa kwenye koti, na kabla hatujamaliza tuta alikuwa amepitiwa na usingizi. Alikoroma polepole, kifua kinapanda na kushuka.

Mama aliuliza kwa kunong'ona kama hatutamwamsha, ardhi ile ina unyevu, ataumwa. Shangazi alimtazama yule mtu mkubwa aliyelala, akatikisa kichwa. Akaingia ndani, akarudi na shuka jeupe la zamani. Akainua gauni, akavuka ukuta kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, akamfunika kuanzia mabegani. Kisha akarudi, akapiga magoti kwenye vitunguu, na tukaendelea kupalilia, tukivuta kila gugu taratibu lisitoe sauti.